Yoga katika umri wa makamo

Yoga katika umri wa makamo ni mazoezi ya yoga yanayoanzwa na mtu aliyekwisha kupita ujana, kwa kawaida kati ya miaka 40 na 65, hasa kwa lengo la kurudisha au kutunza unyumbufu, yaani uwezo wa viungo kujikunja, kujinyoosha na kuzunguka bila maumivu. Katika umri huo watu wengi huanza kuona dalili ndogondogo: kuinuka kutoka kwenye kigoda kunahitaji kushika ukuta, kugeuka nyuma kunauma shingo, kuchuchumaa kunakuwa kazi, na mkono haufiki tena mgongoni. Dalili hizo hazisababishwi na umri peke yake. Sehemu kubwa hutokana na viungo kutotumika, au kutumika kwa namna moja tu kwa miaka mingi, na sehemu hiyo inaweza kurekebishwa.

Asili ya yoga

Neno "yoga" limetoka katika lugha ya Kisanskriti, na mzizi wake una maana ya kuunganisha au kufunga pamoja, kama ng'ombe wanavyofungwa nira. Yoga ilianza katika Uhindi ya kale kama njia ya kutawala mwili, pumzi na fikra. Kitabu maarufu cha kale, Yoga Sutra cha Patanjali, kinazungumzia zaidi fikra na maadili. Mikao ya mwili imetajwa humo kwa ufupi tu. Maelezo marefu zaidi kuhusu mikao yamo katika Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15.

Yoga ya mazoezi ya viungo inayojulikana leo ilipata sura yake hasa katika karne ya 20. Mwalimu Tirumalai Krishnamacharya (1888–1989) alifundisha mjini Mysore katika miaka ya 1930, na wanafunzi wake waliisambaza duniani. Mmoja wao, B.K.S. Iyengar (1918–2014), alikuwa mtoto dhaifu aliyeuguaugua. Baadaye alijulikana kwa kutumia viti, kamba, mito na vipande vya mbao ili mtu ambaye mikono yake haifiki chini naye aweze kufanya mkao kwa usalama. Kitabu chake Light on Yoga kilichapishwa mwaka 1966.

Mwanafunzi mwingine, Indra Devi (1899–2002), alizaliwa Riga, mji mkuu wa Latvia ya leo. Alikuwa anakaribia miaka 40 alipopokelewa na Krishnamacharya kuwa mwanafunzi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alifungua shule ya yoga huko Hollywood, Marekani, akaendelea kufundisha uzeeni na kufariki akiwa na umri wa miaka 102.

Mnamo Desemba 2014 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na siku hiyo iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Mwaka 2016 UNESCO iliiingiza yoga katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Viungo na umri

Unyumbufu wa kiungo hutegemea mambo manne: umbo la mifupa inapokutana, kano na mfuko unaozunguka kiungo, misuli, na mfumo wa neva.

Umbo la mifupa halibadilishwi na mazoezi. Mtu ambaye tundu la nyonga yake ni la kina kirefu hawezi kukunja mguu kama mwenzake, hata akifanya mazoezi kila siku. Ndiyo maana baadhi ya watu hawafiki kamwe kwenye mkao wa yungiyungi, yaani kukaa chini huku kila mguu ukiwa juu ya paja la mguu mwingine, na kutofika huko si kushindwa.

Kano hujengwa kwa protini iitwayo kolajeni. Kadiri umri unavyoongezeka, nyuzi za kolajeni hushikamana zaidi, na kano hupoteza mvutiko wake. Hali hiyo hutokea mapema zaidi kwa watu wenye kisukari, kwa sababu sukari nyingi katika damu huongeza kushikamana huko. Ugonjwa wa bega lililoganda, ambapo mkono hauinuki wala kuzunguka nyuma, huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, na wenye kisukari wamo katika hatari kubwa kuliko wengine.

Misuli nayo hupungua. Kuanzia takriban miaka 30 mtu asiyefanya mazoezi hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kwa kila miaka kumi, na kasi hiyo huongezeka baada ya miaka 60. Kwa wanawake, kukoma kwa hedhi hupunguza homoni ya estrojeni, na pamoja nayo hupungua uimara wa mifupa.

Mfumo wa neva ni jambo linalosahauliwa mara nyingi. Msuli unapovutwa, neva hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na ubongo, na mwili huweka kikomo kabla msuli haujafika mwisho wa urefu wake. Kikomo hicho ni ulinzi. Kwa mtu ambaye hajainama wala kujinyoosha ipasavyo kwa miaka kumi, ulinzi huo huwa mkali kupita mahitaji.

Jinsi yoga inavyoongeza unyumbufu

Katika wiki za kwanza za mazoezi, misuli yenyewe hairefuki sana. Kinachobadilika kwanza ni uvumilivu: neva huzoea mvuto, na kikomo husogea polepole. Kupumua kwa utulivu kunasaidia hapa, kwa kuwa pumzi ndefu ya kutoa hewa hutuliza mwili, na msuli ulioacha kujikaza hukubali kunyooka. Mtu anayebana pumzi huku akilazimisha mkono ufike kwenye kidole cha mguu hujipinga mwenyewe.

Baada ya miezi kadhaa ya mazoezi ya mara kwa mara, misuli na kano nazo huanza kubadilika. Kano hubadilika polepole kuliko misuli kwa sababu hupata damu kidogo. Kwa hiyo anayeanza akiwa na miaka 50 hupima maendeleo yake kwa miezi, si kwa siku.

Yoga hutofautiana na kujinyoosha kwa kawaida kwa sababu mikao mingi hudai nguvu pamoja na wepesi. Anayesimama kwa mguu mmoja katika mkao wa mti hunyoosha nyonga ya mguu uliokunjwa, huku akiimarisha kifundo cha mguu uliosimama. Jambo hili ni muhimu katika umri wa makamo, kwa kuwa kiungo chepesi kisicho na msuli wa kukishika huumia kwa urahisi, na usawa wa mwili ndio unaomkinga mtu asianguke atakapokuwa mzee.

Kuanza

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima afanye shughuli za mwili za wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kwa upande wa unyumbufu, wataalamu wa tiba ya michezo hushauri mazoezi ya siku mbili au tatu kwa wiki au zaidi. Kila mnyoosho hushikiliwa sekunde 10 hadi 30 na kurudiwa mara mbili hadi nne. Kwa wenye umri mkubwa, sekunde 30 hadi 60 huleta faida zaidi. Dakika 20 mara tatu kwa wiki ni bora kuliko saa mbili za Jumapili moja zinazofuatwa na wiki nzima ya maumivu.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Mkeka au jamvi lisiloteleza linatosha, na sakafu ya udongo iliyo sawa ni nzuri kuliko sakafu ya saruji iliyosiriba laini. Khanga iliyokunjwa hutumika kama kamba ya kuvutia mguu, na kiti imara au ukuta hutumika kwa kujiegemeza. Mwili hupashwa moto kwanza kwa kutembea au kuzungusha mabega na nyonga kwa dakika tano.

Mikao ifuatayo huwafaa wengi wanaoanza:

Mkao wa mlima. Mtu husimama wima, nyayo zikikanyaga sawasawa, mabega yakishuka. Huu ndio msingi wa mikao yote ya kusimama.

Mkao wa paka na ng'ombe. Mtu hupiga magoti na kuweka viganja chini, kisha huinua mgongo juu kama nundu huku akitoa pumzi, na kuushusha huku akivuta pumzi. Hulainisha uti wa mgongo bila kuubebesha uzito.

Mkao wa mtoto. Mtu hukalia visigino, hulaza kiwiliwili juu ya mapaja na paji la uso chini. Mwenye magoti mabovu huweka mto kati ya mapaja na ndama za miguu.

Mkao wa swila. Mtu hulala kifudifudi na kuinua kifua kidogo kwa nguvu ya mgongo, si ya mikono. Hufungua kifua na sehemu ya mbele ya nyonga.

Mkao wa daraja. Mtu hulala chali, hukunja magoti na kuinua makalio. Huimarisha misuli ya makalio na mgongo wa chini.

Kunyoosha mguu kwa khanga. Mtu hulala chali, huzungusha khanga kwenye unyayo na kuuinua mguu juu huku goti likiwa limelegea kidogo. Ni njia salama ya kunyoosha misuli ya nyuma ya paja kuliko kuinama ukiwa umesimama.

Mkao wa mti. Mtu husimama kwa mguu mmoja, unyayo wa pili ukiwekwa kwenye kifundo au ndama ya mguu uliosimama, karibu na ukuta.

Mkao wa maiti. Mtu hulala chali bila kujongea kwa dakika tano hadi kumi. Huhitimisha kipindi na kutuliza mapigo ya moyo.

Kipimo cha kufaa ni hisia. Mvuto wa wastani katikati ya msuli ni wa kawaida. Maumivu makali, maumivu ndani ya kiungo, ganzi, au umeme unaoshuka mguuni ni ishara ya kuacha mara moja.

Tahadhari

Yoga si hatari kuliko mazoezi mengine ya kiasi kama hicho, lakini watu wa makamo huja nayo wakiwa na historia ya mwili. Wafuatao wanashauriwa kumwona daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kuanza:

Wenye shinikizo la juu la damu lisilodhibitiwa, na wenye glakoma, ambao hawapaswi kufanya mikao ya kichwa kuwa chini ya moyo.

Wenye mifupa iliyopungua uimara, ambao hawapaswi kuinama sana mbele wala kujisokota kwa nguvu, kwa kuwa pingili za uti wa mgongo zinaweza kuvunjika.

Wenye maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni.

Waliobadilishiwa nyonga au goti, na waliofanyiwa upasuaji karibuni.

Wajawazito, ambao wana mikao yao maalumu.

Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, kupungua uzito, udhaifu wa miguu au kushindwa kuzuia mkojo si ya kutibiwa kwa yoga. Katika nchi zenye kifua kikuu kingi, dalili hizo huweza kuwa za kifua kikuu cha mifupa, na mgonjwa anapaswa kwenda hospitali bila kuchelewa.

Ushahidi wa kitabibu

Eneo lililochunguzwa zaidi ni maumivu sugu ya mgongo wa chini. Mapitio ya tafiti ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba yoga huboresha utendaji wa mgongo kwa kiasi kidogo hadi cha wastani baada ya miezi mitatu na sita, ikilinganishwa na kutofanya mazoezi. Ikilinganishwa na mazoezi mengine ya mgongo, tofauti ni ndogo au haipo. Mwaka huohuo Chuo cha Matabibu cha Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa tiba zisizo za dawa zinazofaa kujaribiwa kwanza kwa maumivu hayo.

Maana yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba yoga haina siri ambayo mazoezi mengine hayana. Faida hutoka katika kujongea kwa utaratibu na kwa muda mrefu. Anayependa yoga ataidumisha, na kudumu ndiko kunakoleta matokeo.

Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki yoga imejulikana zaidi mijini. Mjini Dar es Salaam, Kituo cha Utamaduni cha Swami Vivekananda, kilicho chini ya Ubalozi wa India, hutoa mafunzo ya yoga, na Siku ya Kimataifa ya Yoga huadhimishwa humo mjini kila mwaka. Mjini Nairobi, shirika la Africa Yoga Project lililoanzishwa mwaka 2007 limewafundisha vijana kuwa walimu wa yoga na kuwapeleka kufundisha katika mitaa yenye kipato cha chini.

Nchini Tanzania, mnamo Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na kuelekeza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Lengo lilikuwa kupambana na magonjwa yasiyoambukiza kama vile kisukari na shinikizo la damu. Vikundi vya mbio za polepole, maarufu kama joging, vimeenea mijini, lakini mbio haziongezi unyumbufu, na wakimbiaji wa makamo wasiojinyoosha mara nyingi hulalamikia visigino na magoti.

Ilemba na nyanda za juu za Ufipa

Ilemba ni kata ya Wilaya ya Sumbawanga Vijijini katika Mkoa wa Rukwa, bondeni kati ya Ziwa Rukwa na ukingo wa nyanda za juu za Ufipa. Mji wa Sumbawanga, juu ya nyanda hizo, uko takriban mita 1,000 juu ya usawa wa ziwa. Wakazi wengi wa kata na vijiji vya jirani ni wakulima, na sehemu kubwa ya kilimo chao hufanywa kwa jembe la mkono.

Katika mazingira kama haya, swali linaloulizwa ni kama anayelima tangu alfajiri anahitaji mazoezi mengine. Jibu hutegemea aina ya mwendo. Mkulima wa Ufipa ana nguvu na pumzi, na desturi ya kuchuchumaa na kukaa chini huzifanya nyonga na vifundo vya miguu vyake kuwa vyepesi kuliko vya mtu wa ofisini. Lakini kilimo hurudia mwendo mmoja. Mfano ni ntumba, matuta ya duara ambayo Wafipa wamekuwa wakiyatengeneza tangu zamani kwa kukusanya nyasi na kuzifunika kwa udongo ili zioze na kurutubisha shamba. Kutengeneza ntumba, kupalilia na kupandikiza mpunga bondeni hudai kuinama mbele kwa saa nyingi, mgongo ukiwa umekunjwa na mikono ikivuta kuelekea mwilini. Mwili huo hauinami nyuma hata mara moja, na mikono haipandi juu ya kichwa isipokuwa kushika ndoo au mzigo.

Kwa hiyo mkulima wa miaka 50 hana haja ya mikao mingi ya kuinama mbele, kwani amekwisha kuinama vya kutosha. Kinachomfaa ni kinyume cha kazi yake: mkao wa swila, mkao wa daraja, kunyoosha kifua na mabega ukutani, na kuzungusha uti wa mgongo taratibu. Mwalimu wa shule, fundi cherehani au dereva wa bodaboda, ambao hukaa siku nzima, huhitaji zaidi kufungua nyonga na kunyoosha misuli ya nyuma ya paja.

Hali ya hewa nayo huamua saa. Juu ya nyanda, asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali, na misuli baridi huumia. Alasiri ni afadhali. Bondeni kuna joto, na alfajiri au jioni hufaa zaidi. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, ndio wa kazi nyingi za shamba, na dakika kumi kabla ya kulala zinatosha. Miezi ya baada ya mavuno hutoa nafasi ya kuanza kwa utulivu. Wanawake wanaoona haya kufanya mazoezi hadharani huweza kuyafanya chumbani, wakivaa suruali ya mazoezi chini ya kitenge, au pamoja na wenzao.

Yoga na dini

Kwa wengi, kikwazo cha kwanza ni hofu kwamba yoga ni ibada ya Kihindu, wala si ugumu wa mwili. Hofu hiyo ina msingi wa kihistoria, kwa kuwa yoga ilikua ndani ya dini za Uhindi, na baadhi ya walimu huichanganya na nyimbo na maneno ya dua.

Ufipa ni eneo lenye Wakatoliki wengi, tangu Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe, walipoanza kazi Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885. Barua ya Idara ya Mafundisho ya Imani ya Kanisa Katoliki ya tarehe 15 Oktoba 1989 kuhusu sala ya Kikristo ilisema kwamba njia za tafakuri za Mashariki hazikataliwi kwa sababu tu si za Kikristo, lakini ikaonya kwamba utulivu wa mwili usichukuliwe kuwa ndio kazi ya Roho Mtakatifu.

Katika Uislamu maoni yametofautiana. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga yenye mambo ya Kihindu. Mwaka 2009 baraza la maulamaa la Indonesia lilikataza yoga yenye maneno ya ibada lakini likaruhusu ile ya mazoezi matupu. Mwaka 2017 Saudi Arabia iliitambua yoga kuwa mchezo.

Kwa vitendo, anayetaka unyumbufu pekee anaweza kufanya mikao na kupumua bila neno lolote la ibada. Mikao mingi si migeni kwake: Mwislamu anayeswali huinama katika rukuu, husujudu na kukalia visigino kila siku, na Mkristo hupiga magoti. Wazee wanaoendelea kusali hivyo hadi uzeeni, mara nyingi bila kujua, wamekuwa wakiyatunza magoti na nyonga zao.

Tazama pia

Yoga
Mazoezi ya viungo
Maumivu ya mgongo
Magonjwa yasiyoambukiza
Ilemba
Wafipa